Lloyd alipomvua Luke: kisa cha miwani isiyo na vioo

Katikati ya mwaka 1917, Harold Lloyd, mchekeshaji wa filamu bubu za Marekani, alikuwa kijana wa miaka 24 mwenye kazi ya uhakika. Mhusika aliyemcheza, Lonesome Luke, alikuwa anajulikana katika kumbi za sinema za Marekani, na mwaka huohuo alikuwa amepandishwa daraja: kutoka filamu za mkanda mmoja hadi za mikanda miwili. Wasambazaji, kampuni ya Pathé, walimtaka Luke aendelee. Mtayarishaji, Hal Roach, alikuwa ameijenga kampuni yake mgongoni mwa Luke. Lloyd akakataa. Alitaka Luke aachwe kabisa, aanze na mhusika mpya asiyejulikana na mtu, na mhusika huyo arudi chini, kwenye mkanda mmoja.

Wanaokisimulia kisa hiki kwa kawaida hukimbilia miwani. Miwani ina nafasi yake na nitaifikia. Lakini nimezitazama filamu hizi fupi kwa miaka mingi, na ninaamini uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa ule ambao watu huupita haraka: mtu aliyepanda cheo kuomba kushushwa.

Kwanza hali ya soko. Mkanda mmoja wa filamu ulikuwa na urefu wa futi 1,000 hivi, sawa na dakika 10 hadi 15 kutegemea kasi ya mashine. Ukumbi wa sinema wa wakati ule ulibadilisha programu yake mara kadhaa kwa wiki, kwa hiyo ulihitaji bidhaa mfululizo, na kichekesho kifupi kilikuwa kama chumvi mezani, lazima kiwepo. Kampuni zikagundua mapema kwamba mtazamaji hashiki jina la filamu, anamshika mtu. Anarudi wiki ijayo kumwona yule mnene, yule mwenye makengeza, yule wa sharubu. Ndiyo maana vichekesho hivi vilitengenezwa kwa mfululizo: mhusika mmoja, nguo zilezile, visa vinavyobadilika.

Na mtu aliyewafunika wote alikuwa Charlie Chaplin. Alianza kwa Mack Sennett katika kampuni ya Keystone mwaka 1914. Mwaka 1915 kampuni ya Essanay ilimlipa dola 1,250 kwa wiki. Mwaka 1916 kampuni ya Mutual ikampa dola 10,000 kwa wiki, na juu yake kitita cha dola 150,000 cha kutia saini. Takwimu hizo zilimfanya kila mwenye kamera atafute Chaplin wake. Mwigizaji Billy West alinakili kila kitu bila kificho, kofia, fimbo, viatu na mwendo, na filamu zake zilipata wanunuzi.

Lloyd na Roach walikutana wakiwa waigizaji wa ziada huko Universal, wale wanaosimama nyuma ya mfalme wakiwa wamevaa majoho. Roach alipopata pesa kidogo aliungana na Dan Linthicum mwaka 1914 wakaanzisha kampuni ya Rolin, jina lililounganishwa kutoka majina yao mawili. Mhusika wao wa kwanza, Willie Work, hakufika mbali. Lloyd aliondoka kwa ugomvi wa malipo, akajaribu bahati kwa Sennett, kisha akarudi. Aliporudi mwaka 1915 ndipo Luke akazaliwa.

Mtazame Luke kwa karibu. Koti lilikuwa la suti ya kike, limembana mabegani. Suruali fupi, imekaza. Kizibao kimeishia juu ya tumbo. Shati lenye mistari ya wima nyeusi na nyeupe. Chini ya pua, sharubu za nukta mbili tu, kama mtu aliyechovya ncha za vidole kwenye masizi akajigusa. Lloyd mwenyewe, katika kumbukumbu zake za mwaka 1928, alieleza wazi jinsi walivyofikiri: nguo za Chaplin zilikuwa kubwa kupita kiasi, basi zake ziwe ndogo kupita kiasi.

Hapo ndipo palipo na ugonjwa. Fulana ukiigeuza ndani nje inabaki fulana ileile. Kila kipande cha vazi la Luke kiliamuliwa kwa kumtazama mtu mwingine, na mtazamaji alihisi hivyo hata kama hakuweza kueleza. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Lloyd alikuwa na tabia moja ninayoiheshimu sana: alikwenda kukaa ukumbini, gizani, katikati ya watu waliolipa, akawasikiliza. Katika moja ya safari hizo, Luke alipojitokeza kwenye turubai, alimsikia mtoto akimwambia mwenzake kwamba huyu ndiye yule jamaa anayejaribu kufanya kama Chaplin. Kwa simulizi yake mwenyewe, hapo ndipo alipojua kwamba Luke hana safari. Tukumbuke kwamba watoto hao hawakuwa wanamzomea. Walikuwa wamekuja kumtazama, na pengine wangerudi tena. Hesabu za Pathé zisingeonyesha tatizo lolote. Tatizo lilikuwa dari: kadiri Luke alivyozidi kujulikana, ndivyo alivyozidi kumtangaza Chaplin.

Wazo la mhusika mpya lilimjia, kama alivyosimulia, kutokana na filamu ya maigizo aliyoitazama, yenye mchungaji mpole aliyevaa miwani. Mchungaji yule alionekana kama mtu ambaye upepo ungemwangusha, lakini alipochokozwa alipigana kama simba. Lloyd hakumchukua mchungaji. Alichukua ile tofauti kati ya sura na kinachotokea. Miaka ile miwani usoni mwa kijana ilimaanisha mtu wa vitabu, dhaifu, asiye na madhara. Mtazamaji akikuona hivyo, tayari amekuwekea matarajio, nawe una kitu cha kuvunja.

Basi wakabishana. Upande wa Pathé haukuwa wa kijinga na sipendi unaposimuliwa hivyo. Walikuwa na mfululizo unaouzika, ambao wamiliki wa kumbi walikuwa wameuzoea, na walikuwa wametoka kuuwekea pesa zaidi kwa kuufikisha mikanda miwili. Mbele yao alisimama mwigizaji anayetaka kutupa nguo zote za kuchekesha na kuonekana kama karani wa benki. Katika vichekesho vya 1917, mchekeshaji aliyeonekana mtu wa kawaida alikuwa kama mpishi aliyekuja bila sufuria. Sharubu za bandia, tumbo la mto, nguo za ajabu: hizo zilikuwa ishara za kumwambia mtazamaji kwamba sasa unaruhusiwa kucheka.

Maafikiano yaliyopatikana ni ya kibiashara kabisa. Roach alimleta Toto, mchekeshaji wa jukwaani na sarakasi, ajaze nafasi ya filamu za mikanda miwili. Lloyd akaachiwa mkanda mmoja na miwani yake. Luke aliyekwisha kupigwa picha aliendelea kutolewa hadi mwishoni mwa 1917, akipishana na mrithi wake kwenye kumbi zilezile.

Sasa tuingie kwenye ule mkanda mmoja.

Filamu ya mikanda miwili iligharimu zaidi, ilichukua muda zaidi, na ilitoka kwa nafasi. Ilikuwa heshima. Lakini Lloyd alifanya hesabu ya mtu asiyejulikana. Mhusika mpya anahitaji kuonekana, na kuonekana tena, kabla watu hawajamsahau. Mkanda mmoja ungemweka mbele ya watazamaji mara nyingi zaidi. Pia filamu ya mkanda mmoja ikiharibika, hasara yake ni ndogo na nyingine iko njiani. Kabla mtu hajamaliza kusema ile ya juzi ilikuwa mbaya, mpya imefika. Filamu ya mikanda miwili ikiharibika, mhusika mchanga anaweza kufa nayo.

Kwa hiyo alichokinunua Lloyd kwa kushuka cheo ni idadi ya majaribio. Kati ya Septemba 1917 na mwisho wa 1919 alitoa zaidi ya filamu 70 za mkanda mmoja akiwa na miwani. Hizo ni zaidi ya nafasi 70 za kukosea kwa bei nafuu, kusikiliza ukumbi, na kurekebisha. Nikizitazama kwa mpangilio wa tarehe naona kabisa mtu anayejifunza hadharani. Zile za mwanzo bado zina Luke ndani: mateke ya nyuma, kukimbizana kwa sababu tu kukimbizana kunachekesha, polisi wanaoanguka mmoja juu ya mwingine. Aliyebadilika ni uso peke yake. Mwili ulichelewa kwa mwaka na zaidi.

Kuna jambo linalokifanya kisa hiki kiwe kizuri kuchambuliwa. Karibu kila kitu kingine kilibaki vilevile. Roach yuleyule, wasambazaji walewale, hata waigizaji wenzake: Snub Pollard, Mwaustralia mwenye sharubu zilizoning'inia kama ufagio uliogeuzwa, na Bebe Daniels, aliyeanza na Luke mwaka 1915 akiwa binti wa miaka 14. Hakukuwa na pesa mpya wala fundi mpya aliyeletwa kumwokoa. Kwa hiyo tofauti inayoonekana kati ya 1916 na 1919 huwezi kumpa mtu mwingine. Ni ya mhusika, na ya muda aliopewa wa kukomaa.

Fremu ya miwani yenyewe ilitafutwa kwa subira. Ya kwanza ilikuwa nzito. Ya pili ilikuwa na duara kubwa mno, ukingo ukaziba nyusi, na mchekeshaji wa filamu bubu asiye na nyusi amepoteza nusu ya maneno yake. Ya tatu aliipata katika duka dogo la miwani mtaa wa Spring, Los Angeles, kwa senti 75. Ndani haikuwa na vioo, kwa sababu vioo vingerudisha mwanga wa taa kwenye kamera na kuyaficha macho. Ukitazama vizuri picha za karibu utaona macho yake wazi kabisa, hayana mng'ao wowote mbele yake. Fremu ile ilikuwa mistari miwili tu iliyochorwa kuzunguka macho, ikiyaonyesha.

Filamu ya kwanza ya miwani, Over the Fence, ilitoka Septemba 1917. Kisa chake ni cha besiboli, na sitakaa juu yake kwa sababu haistahili zaidi ya hapo. Nataka kukaa na nyingine, Ask Father, ya mwanzoni mwa 1919, kwa sababu ndani yake unaona jaribio likiwa limekubali.

Kijana anataka kumwoa binti wa tajiri. Anaambiwa amwone baba. Baba yuko ofisini, na ofisi ile ni ngome: kila anayeingia bila ruhusa anatupwa nje. Kijana anaingia, anatupwa. Anaingia kwa njia nyingine, anatupwa. Anafika karibu kabisa na meza, na sakafu yenyewe inaanza kutembea, mkanda wa mashine unamrudisha mlangoni huku miguu yake ikienda mbele. Anapanda ukuta wa jengo kwa nje. Anavaa vazi la chuma la askari wa kale na kuvamia.

Mpaka hapo ni vituko, na Luke angeweza kuvifanya vyote. Sasa tazama pembeni. Yuko binti anayeendesha ubao wa kuunganishia simu, Bebe Daniels. Anamwona huyu kijana akirushwa mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu, bila kelele, anachukua mto na kuuweka sakafuni pale pale anapoangukia. Kijana anarushwa tena na kudondokea juu ya mto huo.

Mto ule una uzito kuliko vazi la chuma. Kwa kitendo kimoja cha sekunde chache tunajua kwamba huyu binti ana huruma, ni mwangalifu, na kwamba anajua kijana hataacha kujaribu. Tunajua pia, kabla ya kijana mwenyewe, ni nani anayemfaa. Na mwishowe, anapomfikia baba, anagundua kwamba yule aliyekuwa anahangaikiwa ameshaolewa na mwingine. Anarudi kwenye ubao wa simu.

Mweke Luke mahali pa kijana huyu na mto unapoteza maana. Mtu wa nguo za ajabu akianguka, ni kazi yake kuanguka. Hakuna anayefikiri kumwekea mto. Kijana wa miwani akianguka, anaumia. Ukishakubali kwamba anaumia, kila hatua yake ina sababu na kila kipigo kina gharama. Lloyd alivua ruhusa ya kuwa kichaa, akalazimika kutafuta sababu ya kila kituko. Mchekeshaji anayelazimika kuwa na sababu anaanza kuandika visa.

Faida nyingine haikutangazwa na mtu, lakini iko wazi ukizitazama nyingi kwa pamoja. Luke alikuwa mtumwa wa vazi lake. Vazi lile lilimweka katika tabaka moja na aina moja ya vurugu. Kijana wa miwani hakuwa na kazi maalumu wala cheo. Wiki hii ni mhudumu wa hoteli, wiki ijayo tajiri mvivu, nyingine mpangaji anayedaiwa kodi. Alama yake ilikuwa usoni, kwa hiyo mwili ulikuwa huru kuvaa lolote. Hata mapenzi yaliwezekana, maana chini ya ile fremu alikuwa kijana mwenye sura nzuri, na binti kumpenda hakukuhitaji maelezo. Mwaka huohuo wa 1919, katika Look Out Below, alianza kujaribu vichekesho vya kwenye vyuma vya jengo refu. Mtu wa kawaida akiwa juu vile, tumbo la mtazamaji linakaza. Wanaoijua Safety Last! ya mwaka 1923, ile ya kuning'inia kwenye saa ukutani, wataziona mbegu zake pale, kwenye mkanda mmoja wa bei nafuu.

Mwaka 1919 ndipo aliporudi kwenye mikanda miwili, safari hii akiwa na mhusika ambaye kumbi zilikuwa zinamwomba. Bumping into Broadway ilitoka Novemba. Toto alikuwa ameshaondoka zamani. Katikati ya mafanikio hayo ukaja mkosi: tarehe 24 Agosti, akipigwa picha za matangazo, alishika bomu lililodhaniwa kuwa la maigizo tu, akawa anawashia sigara kwa utambi wake. Lililipuka. Alipoteza kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia, na kwa muda akahofiwa kuwa kipofu. Alirudi kazini akiwa na glavu maalumu iliyoficha pengo lile, na kwa glavu hiyo alipanda majengo yote tunayomkumbuka nayo. Macho, nyusi na fremu vilikuwa salama, na watazamaji wengi hawakujua lolote.

Luke hakuwa na bahati hiyo. Filamu zake zilizidi 60. Lloyd alizihifadhi nakala zake nyumbani, Greenacres, huko Beverly Hills, katika ghala la mikanda ya naitreti, kemikali inayoshika moto kwa urahisi wa kutisha. Mwaka 1943 ghala liliungua, na nusura Lloyd mwenyewe afe kwa moshi. Nyingi za Luke zilikwenda na moto huo. Chache tulizonazo leo zinatosha kumwonyesha kijana mwepesi, mwenye kipaji dhahiri, akifanya kazi kwa bidii ndani ya nguo zisizo zake. Ninatamani zingekuwepo zaidi. Huwezi kupima alichokiacha bila kukiona.

Ile fremu ya senti 75 Lloyd aliitumia kwa takribani mwaka mmoja na nusu. Ilipovunjika aliiunga kwa gundi, ikavunjika tena, akaiunga tena, kwa kuwa hakutaka uso wa kijana ubadilike hata kidogo. Ilipofika pasipoungika aliituma kwa kampuni moja ya miwani huko New York wamtengenezee inayofanana nayo, akaambatanisha hundi. Wakamtumia fremu 20. Ndani ya kifurushi ilikuwamo pia hundi yake, imerudishwa: walisema jinsi alivyoitangaza miwani ya aina ile, wao ndio waliokuwa na deni kwake.